Daftari la Wiki: Sikio la Mtafiti

Jumatatu. Kijana anayefanya utafiti wa haki za binadamu hapa Nairobi, mchana akichukua maelezo ya walioteswa na usiku akichora, ameniuliza kama aache kimoja. Nimemwambia asiache. Linalonisumbua mimi ni hili: simulizi aliyopewa na shahidi ni ya nani pale anaposhika penseli?

Jumatano. Tangu aniulize namfikiria Lawrence Abu Hamdan, msanii wa sauti. Mwaka 2016, Amnesty International na Forensic Architecture, watafiti wa Goldsmiths, London, walichunguza gereza la Saydnaya, kaskazini mwa Damascus, Siria. Picha za ndani hazikupatikana, na wafungwa waliishi gizani au wamezibwa macho. Walijua gereza kwa masikio. Abu Hamdan aliketi na manusura akiwasikilizisha sauti moja baada ya nyingine: mlango, kufuli, hatua za miguu. Sivyo, anasema manusura, mlango ule ulikuwa mzito zaidi. Basi anawekewa mwingine. Kwa mwangwi wakakadiria ukubwa wa vyumba na korido. Abu Hamdan akapima hata minong'ono. Kusema kulikatazwa, na baada ya 2011 sauti ambayo mfungwa alithubutu kuitoa ilishuka kwa desibeli 19. Natamani kila anayefundisha kuhoji mashahidi aifahamu kazi hii. Msanii hakuitwa mwishoni kuipamba ripoti. Alikuja na maswali ambayo wanasheria hawakuwa nayo.

Alhamisi. Namrudia kijana wangu. Wafadhili wa utafiti hulipia safari, tafsiri na uchapaji. Saa ya kuchora hailipiwi na mtu, basi itengwe alfajiri, kabla simu hazijaanza kulia, na ilindwe kama tarehe ya mahakama.

Ijumaa. Kwenye mpaka kati ya ushahidi na sanaa sina huruma. Mama aliyetia saini fomu ya ridhaa ili kifo cha mwanawe kiingie kwenye ripoti hakuridhia mchoro wa fulana ya mwanawe utundikwe kwenye ukumbi wa maonyesho. Kubadilisha jina hakutoshi; mtaani fulana inajulikana, na uchochoro uliochorwa nao unajulikana. Mtafiti arudi kwake, akae naye, amwonyeshe mchoro wenyewe, amweleze utatundikwa wapi na kama utauzwa. Mama akikataa, mchoro hautoki. Akikubali leo akabadili nia mwezi ujao, unashushwa, hata kama kadi za mwaliko zimeshagawiwa.