Kabla ya Kuota Uhandisi, Ziba Ufa wa Hesabu

Leo ningependa tuketi pamoja, mzazi upande huu na mwanafunzi upande ule, tuzungumze juu ya kozi ambayo haikosi kutajwa katika nyumba yenye mtoto mwerevu. Kozi yenyewe ni uhandisi.

Ukipita Keroka, mji uliokalia mpaka wa Kisii na Nyamira, au ukishuka Daraja Mbili siku ya soko, utamsikia mzazi akijisifu kwamba mtoto wake atakuwa injinia. Hiyo si ndoto mbaya hata kidogo. Milima ile inahitaji watu wa barabara, wa maji na wa umeme. Viwanda vya chai kama vile Kebirigo, Nyansiongo na Ogembo haviwezi kwenda siku moja bila watu wanaoelewa mitambo. Lakini kumbuka kwamba karo ya watoto wengi wa huko hutoka kwenye bonasi ya majani chai, kilo kwa kilo, mgongo ukiuma. Pesa za jasho namna hiyo hazifai kupotea kwa sababu mtoto alijiandaa kwa njia isiyofaa.

Tuanze na lango lenyewe. KUCCPS, shirika linalowateulia wanafunzi nafasi za vyuo, haliangalii gredi ya jumla peke yake. Kwa uhandisi, huchukua masomo manne: hesabu, fizikia, kemia na somo jingine moja. Pointi za masomo hayo, ambazo zikijaa ni 48, huunganishwa na pointi za masomo saba yanayofanya gredi ya jumla, ambazo zikijaa ni 84. Maana yake ni kwamba masomo hayo yana uzito mara mbili: yanahesabiwa yenyewe, kisha yanahesabiwa tena ndani ya jumla. Ndiyo sababu watoto wawili wanaweza kupata gredi moja ya A-, mmoja akaitwa kusomea uhandisi na mwenzake akabaki akishangaa.

Sasa nikuulize, msomaji: alama hizo hupotelea wapi? Wengi watajibu kwamba hupotelea kwenye mada ngumu za kidato cha nne. Tazama basi mtihani wa hesabu wa KCSE. Una karatasi mbili, kila moja ya alama 100 na saa mbili na nusu. Karatasi ya kwanza hutegemea zaidi kazi ya kidato cha kwanza na cha pili. Kwa hivyo karibu nusu ya mtihani ni mambo ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huyadharau, akidhani aliyamaliza zamani.

Hebu tujaribu mfano mmoja wa fizikia. Tuseme matatu inateremka kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, na gari linasimama baada ya sekunde 4. Je, lilisafiri umbali gani kabla ya kusimama?

Mwanafunzi aliyekariri atakumbuka fomula upesi. Atachukua 72 na 0, apate wastani wa 36, azidishe kwa 4, kisha aandike mita 144. Fomula yake ni sahihi lakini jibu ni bure kabisa. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Wastani wake ni 10, na ukizidisha kwa 4 unapata mita 40. Kosa hilo halikutoka kwenye fizikia. Lilitoka kwenye kubadilisha vipimo, somo la shule ya msingi! Na injinia atakayekosea hivyo akipima barabara ya mteremko atasababisha msiba.

Kemia nayo ni vivyo hivyo. Watoto wengi huogopa hesabu za moli, lakini ukichunguza utakuta wanachokiogopa ni uwiano. Nao uwiano uko pale kwenye kituo cha kununulia majani chai. Takriban kilo 4 na nusu za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai iliyokaushwa. Je, kilo 900 zitatoa kilo ngapi? Mtoto anayejibu 200 bila kutafuta kalkuleta ana ufunguo wa kemia mkononi, hata kama bado hajaambiwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bahati mbaya, familia nyingi hukimbilia kupaka ufa rangi. Mtoto huhamishwa kutoka shule hii hadi ile, hununuliwa rundo la mitihani ya majaribio, na wakati wa likizo hutafutiwa tuisheni, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Na wapo wanaotafuta njia ya giza. Matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotangazwa Januari 2023, shule kadhaa za Kisii na Nyamira zilizungumzwa nchi nzima. Wengine walishangilia, wengine walishuku, na Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ikachunguza madai ya udanganyifu katika mtihani huo. Wanaoumia zaidi na minong'ono ya aina hiyo ni watoto waliokesha na vitabu kwa haki. Tena, mzazi, alama za kuokota hazimfikishi mtu mbali. Mwaka wa kwanza wa uhandisi humpokea mwanafunzi kwa hesabu kali na michoro ya mitambo, na huko hakuna wa kumnong'onezea.

Basi wewe kijana ufanye nini? Kwanza, chukua karatasi ya zamani ya kidato cha kwanza au cha pili, ufunge vitabu, uifanye peke yako. Usione haya. Mahali utakapokwama ndipo penye ufa wako.

Pili, weka daftari la makosa. Kila ukikosa swali usiandike jibu sahihi tu, bali andika sababu. Je, ulikosea ishara ya kutoa, ulisahau vipimo, au hukuelewa swali? Baada ya wiki chache utagundua kwamba makosa yako si mia moja. Ni matatu au manne yanayojirudia.

Tatu, kila siku fanya maswali machache ya visehemu, asilimia na aljebra bila kalkuleta. Mtihani wenyewe huwa na swali linalokukataza kuitumia.

Nne, usiogope maabara. Katika fizikia, kazi ya vitendo ina alama 40 kati ya 200, na kemia ni hivyo hivyo. Jifunze kusoma vipimo na kuchora grafu mapema. Ukitaka kujua kama umeelewa jambo, mweleze ndugu yako mdogo. Akielewa, nawe umeelewa.

Mitihani ya zamani ije mwisho, tena kwa saa. Katika sehemu ya pili ya karatasi ya hesabu unachagua maswali matano kati ya manane. Mwenye msingi huchagua, asiye na msingi hubahatisha.

Nawe mzazi, mtoto akifunga shule, usikimbilie kuuliza alikuwa namba ngapi. Muulize ni swali gani lililomshinda na kwa nini. Huhitaji kujua fizikia ili kuuliza hivyo.

Huenda utasema kwamba mambo yanabadilika, na kweli yanabadilika. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na watoto hao ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4, KCSE yao ikiwa ya 2027. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, na anayetaka uhandisi huelekea upande wa sayansi, teknolojia na hesabu. Jina la darasa limebadilika, lakini kilomita 72 kwa saa bado ni mita 20 kwa sekunde.

Na ikiwa pointi hazikutosha, usivunjike moyo. Aliyepata C- anaweza kuomba diploma ya uhandisi katika chuo kama Kisii National Polytechnic, na kutoka hapo wapo wanaopanda hadi chuo kikuu. Huko pia, msomaji, utaulizwa uwiano na visehemu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Wakati huo, mwanafunzi, lianze daftari lako la makosa leo jioni.