Ganda la Korosho Tunalitoa Bure

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, taifa zima huwa na swali moja: bei ya mnadani imefika shilingi ngapi? Wanasiasa hugombana, magazeti huandika, wasomi wenzangu huchambua. Sijamsikia hata mmoja akiuliza habari za ganda.

Katika kilo 100 za korosho ghafi, kiini ni takriban robo tu. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni ganda. Mnunuzi hupima ubora kwa kiini na bei huifuata hesabu hiyo. Ganda hulipakia melini kama nyongeza, na likifika India au Vietnam hukamuliwa mafuta mazito yanayoingia katika pedi za breki, rangi za kuzuia kutu na gundi za viwandani. Ni mafuta yale yale yanayowababua vidole mama zetu wanaobangua kwa mkono. Sisi tunayajua kwa makovu tu.

Nitajibiwa kwamba dawa ni kubangua nyumbani. Nakubali nusu. Niliwahi kutembelea kiwanda kimoja cha kusini, jina nalihifadhi, ambako maganda yalirundikwa nyuma ya jengo na mengine yakichomwa kwenye boila, moshi ukitukereketa koo. Meneja alinieleza kwa fahari kuwa hapotezi kitu, kwani ganda ni kuni. Muungwana yule alikuwa akichoma malighafi ya kiwanda kingine ili apate mvuke! Ganda likikamuliwa kwanza, makapi yake bado huwaka vizuri, na moshi hupungua.

Jambo hili halihitaji tume. Kila mwekezaji anayeomba kiwanja na msamaha wa kodi kwa jina la korosho aulizwe kabla ya kutia saini: ganda litakwenda wapi? Kiwanda kidogo hakimudu mtambo wa kukamulia peke yake, sawa. Lakini vyama vya ushirika vinavyokusanya korosho ghalani mwaka hadi mwaka vinashindwa nini kukusanya maganda ya wabanguaji wote wa wilaya?

Nasi wa vyuoni tusijitoe lawamani. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyachunguza mafuta haya kwa miaka mingi. Tasnifu zimelala maktabani, na kule Kariakoo maduka yanauza pedi za breki kutoka ng'ambo.