UCHAMBUZI: Teknolojia yampa raia sauti kuhusu maji, je, nani humsikiza?

KATIBA ya 2010 ilimtunuku kila Mkenya haki ya kupata maji safi ya kutosha, na papo hapo ikawataka viongozi wamshirikishe mwananchi katika maamuzi yao. Tangu hapo simu ya mkononi imesifiwa kuwa daraja la kuunganisha mambo hayo mawili. Sifa hizo zina msingi, ila yafaa zipimwe.

Mfano bora ni MajiVoice, mfumo ulioanzishwa na WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Katikati ya muongo uliopita, mteja wa Nairobi aliyekaukiwa na mfereji au kubambikiziwa bili aliweza kulalamika kwa arafa, simu au intaneti, akapewa nambari ya kufuatilia lalamiko lake. Kwa mujibu wa benki hiyo, malalamishi yalipanda kutoka takriban 400 kwa mwezi hadi karibu 4,000, nayo yaliyotatuliwa yakatoka asilimia 46 hadi 94.

Kilicholeta tofauti si arafa. Kila lalamiko lilikabidhiwa mfanyakazi maalumu, na wakubwa wake, pamoja na bodi, wakaweza kuona limekaa siku ngapi.

Tanzania ilionja kinyume chake. Karibu 2010, shirika la Daraja lilibuni mradi wa Maji Matone ili wanavijiji watume arafa visima vinapoharibika. Lilitarajia jumbe 3,000; miezi sita ya kwanza likapata 53 pekee. Kwa uungwana ambao ni nadra katika ulimwengu wa wafadhili, Daraja lilikiri hadharani kwamba mradi umefeli. Mtandao ulikuwa hafifu, akina mama wanaoteka maji wengi hawakuwa na simu, na wanavijiji hawakuamini kwamba serikali ingejibu.

Hapa kwetu pia wapo wasiosikika. Mwenye mita hutaja nambari ya akaunti anapolalamika. Mkazi wa Kibera anayenunua maji kwa mtungi hana akaunti, ilhali kila lita aghalabu humgharimu zaidi ya mwenye mfereji mtaani Karen. Mashine za kuuza maji kwa kadi zilizowekwa Mathare mnamo 2015 ziliteremsha bei, lakini zilimtambua kama mnunuzi tu.

Isitoshe, kulalamika mfereji ukishakauka si sawa na kuulizwa bomba lipite wapi. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye jukumu la huduma za maji, hazina budi kutumia arafa hizo hizo kumtafuta mnunuzi wa mtungi kabla ya bajeti na bei kupitishwa, kisha zimjulishe maoni yapi yalikubaliwa na yapi yalikataliwa.