Baiskeli ya Kazi Isipelekwe Mashindanoni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kutoa maoni yangu juu ya mchezo ambao siku hizi umewashika wengi wetu, yaani mbio za baiskeli za milimani. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa sita, nina umri wa miaka kumi na tisa, na mchezo huu nimeucheza miaka mitatu. Siandiki ili kuusifu tu, maana wenye kuusifu ni wengi. Naandika kwa sababu naona kwamba tunaucheza kwa njia isiyo ya haki, na katika kosa hilo mimi mwenyewe nilikuwa wa mbele.

Wasomaji mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 28 Septemba 2025. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Kigali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufika Afrika. Baada ya Misa tulijaa ukumbi wa chakula mbele ya televisheni. Wanaume walitakiwa kwenda kilomita 267.5 katika vilima vya Kigali. Aliyeshinda alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, na katika wote walioanza ni 30 tu waliofika mwisho. Jumatatu yake hapakuwa na kijana bwenini ambaye hakutaka baiskeli.

Basi sisi tunaokaa huku kaskazini mwa Rwanda, chini ya mlima Muhabura, njia zetu nyingi si za lami. Ni njia za udongo na mawe, zipitazo katikati ya mashamba ya viazi na kuteremka mpaka ziwa Burera. Kwa hiyo mchezo wetu ni ule wa milimani. Mtu asiyeujua hudhani kwamba ni mchezo wa miguu tu. Kupanda ni kazi ya miguu na mapafu, ni kweli. Lakini kushuka ni kazi ya akili. Yakupasa kukamata breki kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Yakupasa kuondoka juu ya tandiko, kuziweka pedali mbili sawasawa ili isiwepo ya kugonga jiwe, na kurudisha uzito wako nyuma mteremko ukiwa mkali. Tena macho yatazame pale unapotaka kupita, si kwenye shimo unaloliogopa, kwa kuwa baiskeli huyafuata macho. Katika michezo yote ya nje niliyoijaribu, mpira, riadha na kupanda milima, sijaona mwingine unaomfundisha mtu kuitawala hofu yake namna hii.

Wako wanaosema kwamba huu ni mchezo wa wageni na matajiri. Sikubali. Tazameni asili yake. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin County, huko California, Marekani, walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu, nzito, zenye breki moja ya kurudisha pedali nyuma, na kushuka nazo njia za mlimani. Mwaka 1976 walianza kushindana, na mashindano yao wakayaita Repack, kwa sababu kila baada ya kushuka breki ilikuwa imepata moto hata grisi yote ikaungua, ikawabidi kuifungua na kuipaka upya. Mchezo huu, basi, ulianzia kwenye vyuma vilivyotupwa. Mmoja wa watengenezaji wa kwanza wa baiskeli hizo, Tom Ritchey, alifika hapa Rwanda mwaka 2005, akawaona wakulima wetu wakisukuma mizigo milimani hata kwa baiskeli za mbao. Baadaye akabuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, maana kahawa ikishachumwa yafaa ifike kiwandani upesi isije ikaharibika. Tena mwaka 2012, katika Michezo ya Olimpiki ya London, Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alishiriki mbio za baiskeli za milimani na kuzimaliza, akawa wa 39. Haukuwa ushindi wa medali, lakini katika mbio zile anayeachwa mbali mno na wa mbele huondolewa njiani, yeye hakuondolewa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kaka yangu hakupata bahati ya kusoma zaidi ya shule ya msingi. Alifanya vibarua mpaka akaweza kununua baiskeli ya milimani iliyokwisha kutumika, kwa faranga 130,000, akaifunga karia ya chuma nyuma. Kwa baiskeli hiyo alibeba viazi kutoka mashambani mpaka barabara kuu, na siku za soko alibeba watu. Kwa kawaida alipata faranga 2,500 kwa siku baada ya kula. Kwa fedha hizo alilisha watoto wake wawili, na kwa fedha hizo alinilipia karo mimi.

Wakati wa likizo nilikuwa nikiiazima. Jumamosi moja nilifungua karia, nikaenda katika mbio za vijana wa mitaa ya jirani, nikawa wa nne. Nilifurahi mno. Nikarudisha karia mahali pake, naye kaka hakuuliza neno. Mwezi wa Agosti 2025 niliiomba tena. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha, ingawa ulikuwa wakati wa kiangazi. Katika mteremko wa mwisho nilikuwa wa tatu, na wa pili nilimwona mbele yangu, hatua kumi hivi. Nilijua kona ile yataka breki mapema. Sikukamata breki mapema, nilitaka nafasi ya pili. Gurudumu la mbele liliteleza kwenye tope, likapiga ukingo wa mfereji wa mawe, likakunjika kama chapati. Foko nayo ikapinda. Mimi nilichubuka kiwiko na goti tu.

Niliibeba begani mpaka nyumbani. Kaka aliponiona aliuliza, "Mdogo wangu, umeumia?" Nikasema, "Sikuumia, kaka." Ndipo akaitazama baiskeli. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kama hukuumia, basi. Chuma hutengenezwa." Hakunigombeza, na laiti angalinigombeza ningalipata nafuu. Kesho yake asubuhi nilimwona akiteremka mlima na gunia la viazi kichwani.

Nimefanya hesabu, nanyi naomba muifanye pamoja nami. Baiskeli ilikaa kwa fundi siku 19, kwa sababu fedha za vipuri zilipatikana kidogo kidogo. Siku 19 kwa faranga 2,500 ni faranga 47,500. Gurudumu, foko na malipo ya fundi vilikuwa faranga 28,000. Jumla ni faranga 75,500. Hizo gunia la kichwani lilirudisha sehemu ndogo tu. Karo ya mwanafunzi wa bweni katika shule za serikali na zile zisaidiwazo na serikali, kama ilivyopangwa mwaka 2022, ni faranga 85,000 kwa muhula. Kwa hiyo katika kona moja nilivunja karibu muhula mzima. Wala haya si maneno ya mfano: muhula wa kwanza nilifika shuleni siku kumi baada ya wenzangu, nikinakili masomo ya watu usiku. Wengine walidhani nilikuwa mgonjwa. Leo nimesema ukweli.

Ningekaa kimya kama ningekuwa peke yangu. Lakini niliwauliza wenzangu wanaoshindana, tuko kumi na mmoja, baiskeli wanazopanda ni za nani. Wawili tu wana zao. Wengine wote huazima: ya baba apelekaye maziwa, ya mjomba auzaye mkaa, ya jirani abebaye abiria. Kila tunapopiga kelele pale mwanzo wa mbio, kuna watu tisa nyumbani ambao siku hiyo wamekaa bila kazi, na ambao wiki ijayo huenda wakakaa bila chakula. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Nami naongeza kwamba kikombe kilichopatikana kwa baiskeli ya kuazima, nusu yake ni cha mwenye baiskeli, na yeye hata jina lake halisomwi.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: pawepo na kanuni katika shule yetu kwamba mwanafunzi haruhusiwi kushindana kwa baiskeli ambayo mtu anaitegemea kwa riziki yake. Najua kwamba kanuni hiyo peke yake itaua mchezo. Basi ya pili ni kwamba shule iwe na baiskeli sita za milimani, kuukuu lakini nzima, ziwekwe chini ya chama cha wanafunzi chenye daftari, pampu, viraka na spoki za akiba. Atakayevunja, chama kitatengeneza, naye atashika spana pamoja na fundi mpaka kazi iishe, apate kujua thamani ya alichokivunja.

Nayajua majibu nitakayopewa. La kwanza ni la masomo: ati mwaka wa sita si wakati wa michezo, mtihani wa taifa uko mbele. Nami naheshimu neno hilo la walimu wetu. Lakini Jumamosi alasiri, umuganda na usafi vikiwa vimekwisha, tupo huru mpaka sala ya jioni. Saa zile sisi hatusomi, twakaa ukutani tukihesabu magari. La pili ni la hatari. Hatari ipo, mimi ni shahidi. Walakini vijana wanashuka milima ile leo bila kofia za kujikinga, juu ya baiskeli ambazo hakuna aliyezikagua breki. Kuwakataza hakutawazuia wakati wa likizo, kuwafundisha kutawasaidia.

Jibu la tatu ndilo gumu, na alinipa rafiki yangu anayependa kandanda. Alisema, "Mpira mmoja huchezesha watu ishirini na wawili, baiskeli moja humchezesha mtu mmoja." Nilikaa siku mbili nikiliwaza. Ni kweli kwamba baiskeli sita hazitoshi kuanza pamoja watu thelathini. Lakini mbio si lazima watu waanze pamoja. Wanaweza kushindana na saa, mmoja mmoja, kila baada ya dakika mbili, katika mzunguko wa kilomita nne kupita nyuma ya kanisa. Makundi matano ya watu sita, kila kundi kwa nusu saa hivi, ni watu thelathini kabla ya jua kutua. Tena wasiopanda wana kazi ya kushika saa, kusimama konani na kutengeneza njia iliyoharibiwa na mvua. Rafiki yangu alisema atakuja kushika saa. Sijui kama nimemshinda, lakini atakuja.

Sasa nawageukia nyinyi wanafunzi wa zamani, ambao gazeti hili huwafikia kila mwaka. Mmetupa vikombe vingi, na tunawashukuru; vipo ndani ya kabati la kioo ofisini kwa Padri Mkuu. Safari hii naomba msitupe kikombe. Baiskeli sita kwa bei aliyonunua kaka yangu ni faranga 780,000. Watu hamsini wakitoa faranga 20,000 kila mmoja, ni milioni moja, na faranga 220,000 zinazobaki zitanunua kofia na vipuri. Asiye na fedha na alete tairi lililobaki nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi binafsi sitazipanda baiskeli hizo, maana mwezi wa Julai nitakuwa nimemaliza mtihani na kuondoka. Nami sijashindana tangu siku ile ya Agosti. Likizo iliyopita kaka aliniambia, "Ichukue, kesho ni Jumapili, sina mzigo." Niliichukua, nikaifunga gunia la viazi kwenye karia, nikaenda nalo barabarani, nikamletea fedha. Njia ilikuwa ile ile na kona ilikuwa ile ile. Nikiwa na mzigo ule nyuma yangu, breki nilikamata mapema.

Wenu,
Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita