Nani Analipa Ili Mti wa Bustani Usikatwe?

Nimepotea wiki mbili hivi, kazi imenibana. Leo tuongee pesa, ila pesa za miti. Usicheke na usifunge ukurasa, najua dakika za cyber zinahesabiwa.

Kila mti ukiangushwa kwenye bustani ya umma hapa Nairobi tunapiga kelele: serikali ilinde miti! Sawa kabisa. Lakini kulinda si bure. Anayetoa kibali anataka mshahara. Anayekuja kukagua kama mti kweli umeoza anataka gari na mafuta. Mlinzi wa usiku naye ana watoto. Kesi ikifika kortini, kuna wakili. Bili ipo tu, swali ni inatua kwa nani.

Mwaka 1989 serikali ya KANU ilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akapinga, bustani ikapona. Bili ikatua kwake: wabunge walimkejeli bungeni, na Green Belt Movement ikafukuzwa kwenye ofisi yake. Januari 1999 akaenda Karura kupanda mti, kupinga msitu kugawiwa wajenzi. Akapigwa hadi akatoka damu kichwani. Yaani enzi hizo idara nzima ya kuzuia ukataji ilikuwa kichwa cha mama mmoja.

Sasa njoo juzi juzi. 2019 hata kipande cha Uhuru Park kilikuwa kwenye mpango wa Expressway, watu wakapiga kelele kikaachwa. 2020 ukafika mkuyu wa Waiyaki Way pale Westlands, mti wa umri wa kama karne moja. Kelele tena, na Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru ubaki. Nilifurahi kama nyinyi. Lakini miti mingine mingi ilikatwa kupisha barabara hiyo hiyo ya kilomita 27, nayo haikuwa na rais wa kuitetea. Ulinzi wa aina hii unaonekana rahisi kwa sababu ni wa mti mmoja.

Karura kuna njia nyingine: mlangoni unalipa. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alitoa shilingi 100, na walinzi wakawepo, ua ukawepo. Inafanya kazi, sikatai. Lakini Jeevanjee na Uhuru Park ni za yule ambaye hiyo mia moja ndiyo nauli yake ya jioni. Ukimwekea kiingilio, umehifadhi kivuli na kumfukuza aliyekuwa anakaa chini yake. Kwa hiyo pesa lazima itoke kwa kaunti, maana Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya bustani.

Najua kuna mtu ataniuliza: unataka foleni zaidi? Hapo ana hoja. Mtaani kwetu kulikuwa na mti mkavu umeinamia kibanda cha mama wa chapati. Tukaenda ofisi moja, siitaji, kuomba kibali cha kuukata. Njoo kesho. Mkaguzi hana gari. Mara ya tatu tukaambiwa kwa sauti ya chini tumtafutie ya mafuta. Kabla hatujachanga, tawi likashuka usiku likapasua paa la kibanda. Bahati mama alikuwa ashaenda nyumbani. Mabati mapya alinunua yeye.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vibali vifutwe, wala na wanaotaka viongezwe tu. Kibali bila mkaguzi mwenye gari ni duka la hongo. Mimi ningetaka mwenye mradi mkubwa, yule anayeangusha miti mia kwa siku, alipie ukaguzi wake wote, na orodha ya miti ibandikwe hapo hapo bustanini wiki kadhaa kabla ya msumeno. Mwenye mti mmoja mkavu asilipe kitu, ajibiwe ndani ya siku chache. Na kaunti iandike kwenye bajeti, mstari wake peke yake, ni shilingi ngapi za kulinda miti ya bustani.

Nyinyi mnaonaje? Na kama kuna aliyewahi kupata kibali bila kutoa chochote, atuambie alichukua siku ngapi.