Bega linauma: je, lazima upige MRI?

Tangu fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilete CT-Scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa, kliniki nasikia ombi moja: "Nesi, nipeleke kwenye kipimo kikubwa." Ukiwa na bega linalokunyima usingizi, nakuelewa. Lakini kipimo kikubwa si lazima kiwe ndicho chako.

Mara nyingi kinachouma ni kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa. Begani zipo nne. CT-Scan ya kawaida haizioneshi vizuri, na eksirei inaonesha mfupa tu, labda na chokaa iliyoganda kwenye kano. Kano zenyewe utaziona kwa ultrasaundi au MRI. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2013, yaliyokusanya mabega 1,147, yalikuta ultrasaundi inakaribiana na MRI katika kugundua kano iliyokatika kabisa. Sharti mpimaji awe amefunzwa kupima mabega; wengi wamezoea ultrasaundi ya wajawazito.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walipiga MRI watu 96 ambao mabega yao hayakuuma kabisa. Theluthi moja hivi walikuwa na kano zilizochanika, na kwa waliozidi miaka 60 ilikuwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo majibu yakisema "imechanika", bado hayajasema kwamba hiyo ndiyo inayokuuma. Nimemwona mama aliyeuza mbuzi wawili alipie MRI, kisha akaandikiwa mazoezi yale yale ambayo angeyaanza wiki sita kabla.

Yupo lakini asiyepaswa kusubiri. Umeanguka na bodaboda, na tangu siku hiyo mkono hauinuki? Usikae nyumbani ukichuliwa. Kano iliyokatika ghafla ikicheleweshwa, msuli hunywea na kujaa mafuta, na kuishona inakuwa kazi ngumu. Wewe ndiye wa kupigwa picha mapema, na inaniuma kuona foleni imejaa mabega yaliyochakaa kwa umri huku kijana wa namna hii akipangiwa mwezi ujao.

Kama maumivu yalikuja polepole, anza kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akupime kwa mikono, kisha fanya mazoezi kwa miezi mitatu hivi. Ukiandikiwa picha, muulize: "Majibu yakitoka, matibabu yangu yatabadilika?" Una haki ya kujibiwa kabla hujalipa.