Mtoto ametoka wodini Delhi: Mwende Agra au mngoje?

Mtoto wa miaka minne alikuwa ameruhusiwa kutoka wodini. Tundu la moyo limezibwa, kidonda cha kifuani kinakauka, na daktari amesema arudishwe baada ya siku kumi apimwe tena kabla ya kupanda ndege. Wazazi walikuwa wamepanga chumba karibu na hospitali, Delhi, wakipika ugali kwa unga waliotoka nao Dodoma. Siku ya tatu baba akauliza, "Mama watoto, hivi tutarudi nyumbani hata Taj Mahal hatujaiona?"

Mama hakujibu. Mawazo yake hayakuwa kwenye moyo wa mtoto tu, yalikuwa pia kwenye kundi la WhatsApp la michango. Ndugu na majirani walitoa walichokuwa nacho. Picha moja ya baba amevaa miwani ya jua mbele ya marumaru nyeupe, na kesho yake shangazi anauliza hela ya matibabu imekwenda wapi.

Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, watoto wengi hutibiwa Dar es Salaam. Bado wapo wanaopelekwa India, na siku za kungoja baada ya upasuaji ni ndefu: chumba kimoja, televisheni ya lugha isiyoeleweka, simu za nyumbani zinazouliza lini mnarudi. Kutamani kutoka nje si kukosa shukrani.

Suala la fedha limalizwe kwanza, tena kwa uwazi. Mchango ulikusanywa kwa ajili ya matibabu na ubaki huko hadi bili ya mwisho ilipwe. Nauli ya matembezi itoke mfukoni mwa wazazi. Kama haipo, mjadala umekwisha.

Suala la afya ni gumu zaidi, kwa sababu Agra inaonekana karibu. Treni ya Gatimaan Express huondoka kituo cha Hazrat Nizamuddin asubuhi, hufika Agra kwa takribani dakika 100 na kurudi jioni. Lakini homa ikimpanda mtoto saa nane mchana, atamwona nani? Agra zipo hospitali, ila faili lake liko Delhi, na daktari anayemjua yuko Delhi. Katika siku hizo za mwanzo, homa, kidonda kutoa majimaji, kupumua kwa haraka au midomo kubadilika rangi ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kipimo cha mwisho, jibu ni kubaki. Atakayeuita woga na auite.

Kubaki si lazima kuwe kujifungia. Bustani ya Lodhi iko humo humo Delhi, haina kiingilio, ina vivuli na majengo ya kale ya kutazama. Mtoto akichoka, mnarudi chumbani.

Baada ya kipimo mambo hubadilika, lakini ruhusa itoke kwa daktari na tiketi ifuate. Aulizwe mtoto atembee kiasi gani na abebwe vipi. Mfupa wa kifua uliofunguliwa huchukua wiki sita hadi nane kuunga, hivyo mtoto hanyanyuliwi kwa makwapa wala havutwi mkono. Mkono mmoja wa mzazi hupita chini ya makalio, mwingine mgongoni. Agra hili ni jambo kubwa, maana magari ya mafuta hayafiki mlangoni pa Taj Mahal. Yanaishia kama mita 500, kisha kuna vigari vya umeme, foleni ya ukaguzi na ngazi. Baba aliyezoea kumrusha mtoto mabegani ajizuie.

Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na mtoto aliyetoka kupasuliwa hana sababu ya kulijaribu. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni, na safari ya kurudi jioni inaweza kuishia usiku wa manane stesheni. Ndiyo maana dozi ya usiku iwe mkobani, isiachwe chumbani. Ijumaa Taj Mahal hufungwa. Maji yawe ya chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Nyani ni wengi na hupora chakula. Akimuuma au kumkwaruza mtoto, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na chanjo ya kichaa cha mbwa itafutwe siku hiyo hiyo.

Na kama ni mzazi mmoja tu atakayekwenda huku mwenzake akibaki na mtoto, mara nyingi anayestahili ni yule aliyelala kwenye kiti wodini.

Wazazi wale walikwenda Lodhi mara tatu. Siku ya kumi kipimo kilionyesha maji kidogo yameuzunguka moyo, hali inayojulikana kutokea baada ya upasuaji kama huo, hata kwa mtoto anayeonekana mzima. Daktari akaongeza dawa na wiki moja ya kungoja. Tarehe ya ndege ikasogezwa, na baba hakuitaja Agra tena.

Wiki ilipokwisha, maji yalikuwa yamekauka na daktari akatoa ruhusa. Wakiwa kwenye korido ya hospitali, mama ndiye aliyeuliza, "Baba watoto, ile treni yako inaondoka saa ngapi?"